Vyuma chakavu: Kopo dogo lenye uzito wa ajabu lisivunjwe

WAKULIMA wa mpunga wa Chekereni, katika skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, wanajua kuwa pampu mbovu au jembe la trekta lililokatika ni fedha. Mnunuzi hupima kwa kilo, akapeleka mjini. Huko mzigo unaweza kuchanganywa na mabaki ya viwanda, hospitali na makandarasi wa barabara kabla ya kuyeyushwa.

Hatari iko kwenye mchanganyiko huo. Zipo mashine za kutibu saratani zinazotumia kobalti yenye mionzi, na vifaa vyenye sesiamu vinavyopima ushindiliaji wa barabara au ujazo wa matangi viwandani. Kifaa kilichochoka kisipohifadhiwa kwa utaratibu, kinaweza kuishia kwenye mzani wa vyuma chakavu.

Mionzi haionekani wala hainuki. Mwaka 1987 mjini Goiânia, Brazil, vijana walichukua mashine ya tiba katika kliniki iliyohamwa, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa kwa rangi ya bluu, na watu wakagawiana. Wanne walikufa, akiwamo mtoto wa miaka sita.

Hasara hufika hata sokoni. Mwaka 2025 sesiamu iligunduliwa katika kamba waliosafirishwa Marekani kutoka Indonesia. Uchunguzi uliwapeleka wataalamu hadi kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu eneo la Cikande. Wauza kamba wakaumia kwa kosa la chuma.

Mfanyabiashara afanye nini? Kwanza, aangalie alama: duara dogo lililozungukwa na vipande vitatu kama mapanga ya feni, mara nyingi juu ya rangi ya njano. Tangu mwaka 2007 ipo pia pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia.

Rangi ikiwa imefutika, uzito utasema. Vyanzo vya mionzi hufungwa ndani ya madini ya risasi, kwa hiyo kopo dogo huwa zito kupita kiasi. Kwa mnunuzi hiyo ni faida ya haraka, na hapo ndipo wengi hushika tindo au mtungi wa gesi. Kipima mionzi getini ni kinga nzuri, lakini risasi nene inaweza kuzuia mionzi isisomeke. Kifaa na macho vifanye kazi pamoja.

Ukishuku kitu, usikivunje, usikikate, usikipeleke nyumbani. Ondoa watu wote umbali wa mita 30 au zaidi, zuia wengine wasikaribie, kisha toa taarifa polisi na kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara Njiro, Arusha. Waliokigusa wanawe mikono, wasile wala kuvuta sigara kabla ya kupimwa.

Kilo chache za risasi hazilingani na gharama ya kufunga yadi nzima, sembuse maisha ya aliyeshika nyundo.