Kikao cha washairi: kutoka Ihumwa hadi ngonjera za shuleni

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WASAFIRI waingiao Dodoma kwa barabara ya Morogoro hupita Ihumwa, jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba, na wengi wao hawajui kuwa hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1917, mtu aliyeyaingiza mashairi katika gwaride la shule za msingi nchini. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigogo, wala hakukulia pwani kwenye desturi ya utenzi. Alifanya kazi ya ualimu, kisha ukarani, na baadaye kazi za mahakama. Mashairi aliyatunga pembeni mwa ajira hizo, kama wafanyavyo waandishi wengi wa mikoani hadi leo.

Maisha yake yanafaa kukumbukwa kila linapoulizwa swali ambalo si geni katika miji yetu: kikao kidogo cha waandishi, kisicho na mgeni rasmi wala posho, kinasaidia nini?

Anayeshinda siku nzima katika kikao cha namna hiyo, iwe ni darasani siku ya Jumamosi au katika ukumbi wa kuazima, atashangaa jinsi kazi yenyewe ilivyo ya mikono. Mtu husimama na karatasi yake, akaghani. Wenzake huhesabu kwa vidole. Shairi la kimapokeo lililozoeleka lina mishororo minne katika kila ubeti, kila mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina vya kati na vya mwisho hupatana. Masikio ndiyo yanayohukumu. Neno "mtu" lina mizani miwili, kwa kuwa "m" husimama peke yake. Lakini "mwana" nalo ni miwili tu, kwa sababu "mwa" hutamkwa kwa pigo moja. Mtungaji aliye peke yake nyumbani hujidanganya kwa urahisi hapo, akavuta sauti ili mshororo utoshe. Mbele ya watu kumi hawezi.

Baada ya mizani hufuata lililo gumu zaidi, yaani maana. Wapo watungaji wenye hesabu isiyo na kosa ambao hawana la kusema, na hao kikao huwaumiza kuliko wale wenye vina vibovu. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo sehemu ya siku yenye faida kubwa, ingawa ndiyo inayowafanya baadhi ya watu wasirudi tena.

Mnyampala hakufanya kazi peke yake. Alikuwa kiongozi wa Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilichojulikana kwa kifupi kama UKUTA, chama cha watu walioandikiana, wakasomeana na kubishana kuhusu lugha. Miaka hiyo wengi walijifunza kanuni kutoka katika kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi kilichotoka mwaka 1954, chenye sheria za kutunga mashairi. Mnyampala naye alikuwa amekwisha kuchapisha kazi mbalimbali, ikiwemo historia ya Wagogo, mila na desturi zao, mwaka huo huo wa 1954, na diwani yake mwaka 1963.

Mwaka 1968 Rais Julius Nyerere alikutana na washairi. Alizungumza nao kama mtu wa fani, kwani tayari alikuwa amekwisha kutafsiri tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari, mwaka 1963. Ombi lake lilikuwa waieneze siasa ya Azimio la Arusha, lililotangazwa mwaka uliotangulia, kwa lugha ambayo mwananchi angeielewa.

Jibu la Mnyampala lilikuwa ngonjera. Ni shairi la majibizano. Watu wawili au zaidi hushika zamu, mmoja akiuliza au kupinga, mwingine akieleza, hadi mwisho wanakubaliana. Kujibizana kwa mashairi kulikuwapo zamani. Jambo jipya lilikuwa kukuweka jukwaani, kwa watendaji na ishara za mwili, ili hata asiyejua kusoma afuate hoja. Mnyampala alifariki dunia mwaka 1969, kabla ya kuviona vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilivyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Lakini mapatano hayo kati ya dola na washairi yalikuwa na gharama yake. Mjadala ambao mshindi wake anajulikana tangu ubeti wa kwanza si mjadala, na ngonjera nyingi zilizofuata, hasa zile za kumkaribisha kiongozi, zilibaki sifa tupu zilizogawanywa kwa zamu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani isiyofuata vina wala mizani, na ugomvi kati ya wanamapokeo na wanausasa ukapamba moto. Hata hivyo, watoto ambao hawakuwahi kushika kitabu cha ushairi walijifunza mizani kwa vinywa vyao, nalo si jambo dogo.

Lililo zito kwa waandishi wa leo ni hatima ya miswada. Kikao huweza kulinyoosha shairi, lakini hakina mtambo wa uchapaji. Mnyampala, pamoja na jina lake lote, aliacha maandishi ambayo hayakuwa yamechapishwa; tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilitoka mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake. Ikiwa yeye alisubiri kiasi hicho, mtungaji asiyejulikana wa Kongwa au Mpwapwa anaweza kufa na daftari lake.

Njia mojawapo iliyofunguliwa ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza, wa riwaya na ushairi, walitangazwa Aprili 2023. Mswada unaopelekwa huko husomwa na majaji wasiomjua mtungaji, na makosa ya mizani ambayo wenzake wangeyakamata Jumamosi moja asubuhi hukutwa yakiwa bado yamo.