Mwalimu Sontonga na daftari lake la nyimbo

Wanafunzi wetu wa Kiswahili huutaja mara kwa mara wimbo wa taifa wa Tanzania, Mungu Ibariki Afrika. Ni wachache, hata hivyo, wanaofahamu kwamba sauti yake ilitungwa na mwalimu wa shule. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wimbo huo ulivyotoka darasani ukaingia katika Kiswahili, na funzo tunaloweza kulipata.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa mnamo 1873 huko Uitenhage, Afrika ya Kusini. Baada ya masomo ya ualimu huko Lovedale, alifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg. Huko aliongoza kwaya na kuwatungia wanafunzi wake nyimbo, akiziandika kwa alama za sol-fa. Nkosi Sikelel' iAfrika aliutunga mwaka 1897, ukaimbwa hadharani mwaka 1899 katika ibada ya kumweka mchungaji wakfu. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba. Tanganyika iliufanya wimbo wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili, ilipopata uhuru mwaka 1961.

Je, kwa nini Kiswahili kilikaa vizuri hivyo katika sauti iliyotungiwa Kixhosa? Tutazame jina la wimbo. Silabi zake ni Nko-si / si-ke-le-l'i / A-fri-ka: mbili, nne, tatu. Kwa Kiswahili tunapata Mu-ngu / i-ba-ri-ki / A-fri-ka: mbili, nne, tatu vilevile. Tena, Kixhosa hurefusha silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na Kiswahili huweka mkazo papo hapo. Hivyo -le- na -ri- zinaangukia mahali pamoja. Lakini tusidanganywe na mfanano huo. Irabu i ya Kixhosa ni ya nomino, iAfrika. Ile ya Kiswahili ni kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. Na msemaji wa Lingala asidhani kwamba anaombwa simba: nkosi ya Kixhosa ni bwana, mtawala.

Sontonga alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana. Nyimbo zake alikuwa amezikusanya katika daftari la shule, akitumaini kuzichapisha. Daftari hilo lilipotea. Wimbo mmoja ulisalia hai kwa kuwa wanakwaya waliunakili na kuuimba. Nyingi za nyinginezo zilitoweka pamoja na karatasi zake. Hata kaburi lake lilisahauliwa, hata serikali ikalitangaza kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu. Katika shule zetu, mijini na vijijini, wamo walimu wanaotunga na kuimba kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani. Nyimbo zao zimo katika madaftari ya nakala moja, yanayoliwa na mchwa na kuloweshwa na mvua. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti asiende mbali: amwendee mwalimu aliyemfundisha, amwombe daftari, anakili, kisha alirudishe.