Mbona matatu huishiwa nguvu mlimani? Dawa huenda ikawa kwa fundi wa bati

MATATU iliyojaa abiria 14 hung'oa nanga mjini Wote, Kaunti ya Makueni, jua likiwa la utosi, na kushika barabara ya kuelekea Machakos. Mwanzoni mambo huwa shwari.

Lakini inapoanza kuukwea mwinuko wa kuelekea Mukuyuni na Kola, mngurumo hubadilika. Moshi mweusi hufuka nyuma na dereva hulazimika kurudi gia ya chini.

Aghalabu lawama hutwikwa dizeli au dereva. Hata hivyo, kwa vani zenye injini ya tabo, kiini huweza kuwa kitu kisichoonekana kwa macho: joto la hewa inayoingia ndani ya injini.

Tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka injini, nayo huishindilia hewa ndani ya injini ili dizeli iungue vyema. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyesajili wazo hilo mwaka wa 1905. Kifaa hicho huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja.

Tatizo ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata joto. Yeyote aliyewahi kujaza upepo gurudumu la baiskeli kwa pampu ya mkono anafahamu jinsi pampu inavyochoma vidole. Hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa na tabo inaweza kutoka ikiwa na zaidi ya nyuzi 100.

Hewa moto hutanuka, hivyo inayoingia ndani ya injini huwa chache ingawa bomba limejaa. Hii ndiyo sababu watengenezaji waliweka kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Kimeumbwa kama rejeta ndogo, ila ndani yake hupita hewa badala ya maji.

Hesabu yake ni nyepesi. Hewa ya nyuzi 110 ikipozwa hadi nyuzi 60, mgandamizo ukibaki ule ule, injini hupata takriban asilimia 15 zaidi ya hewa.

Mwinuko nao huongeza mzigo. Machakos iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 ukilinganishwa na Mombasa. Tabo hulazimika kufanya kazi zaidi, na joto huongezeka.

Katika vani kama Toyota HiAce na Nissan Caravan, injini imo chini ya viti vya mbele, mahali finyu. Kipoza hewa kikiwa karibu na injini hiyo, huvuta joto lake. Tena gari linapopanda polepole, upepo wa kukipoza huwa haba, na ni wakati huo huo ambapo injini inauhitaji mno.

Hapa ndipo fundi wa jua kali anapoingia, lakini si kwa kukimbilia kuunda kipoza kikubwa.

Kazi ya kwanza ni ukaguzi. Vumbi, wadudu na mafuta huziba mapezi ya kipoza. Yasafishwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kwani mapezi ya alumini hupinda upesi. Kisha mipira na klipu zote zikaguliwe, maana mpira uliopasuka huvujisha hewa iliyokwisha kushindiliwa na kuleta moshi mweusi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ya pili ni mfereji wa upepo. Fundi hukata bati jembamba au alumini na kulikunja liwe mdomo mpana unaopokea upepo mbele au chini ya gari na kuupeleka moja kwa moja kwenye mapezi. Kingo huzibwa kwa sponji isiyoshika moto kwa urahisi, kwa sababu upepo hufuata njia iliyo rahisi. Ukipata mwanya kando, hautapita katika mapezi.

Muhimu vilevile ni njia ya kutokea. Nyumba yenye dirisha moja haipitishi upepo, na mfereji usio na tundu la kutolea hewa moto haufai kitu.

Kazi ya tatu ni kinga ya joto. Kipande cha bati kikiwekwa kati ya bomba la moshi na bomba la hewa, pakiachwa nafasi pande zote mbili, huzuia joto lisirudi mahali lilikotolewa.

Ya nne ni feni ya umeme iliyotolewa katika gari kuukuu. Hiyo husaidia mlimani na stejini, gari linapongoja abiria huku injini ikinguruma. Sharti iwe na fyuzi na rilei yake, na waya usiguse chuma chenye moto.

Wapo wanaopendelea kunyunyizia kipoza maji, kwa kanuni ile ile inayofanya maji ya mtungi yawe baridi. Njia hiyo hufanya kazi, lakini maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi, na chumvi hiyo hukauka juu ya mapezi na kuyaziba. Maji ya mvua ni afadhali.

Hatari kubwa imo katika kipoza cha kuchomelea. Alumini huhitaji mashine na ujuzi maalumu. Chembe moja ya chuma ikisalia ndani ya bomba, itafyonzwa na injini na kuiharibu. Mpira wa maji nao haufai kupitisha hewa ya tabo, kwani mvuke wa mafuta huulainisha hadi upasuke. Na kipoza kikubwa kikiwekwa mbele ya rejeta, huinyima upepo na maji yakachemka.

Isitoshe, katika injini za kisasa kompyuta ndiyo hupima dizeli. Hewa baridi haitageuza matatu kuwa ndege. Faida yake kubwa ni injini isiyochoka na moshi uliopungua. Kuongeza mgandamizo wa tabo ili kupata nguvu zaidi ni kuialika gharama.

Njia ya kujua ukweli ni kupima. Kipimajoto chenye waya hufungwa katika bomba baada ya kipoza, gari likapanda mlima ule ule, kwa mzigo ule ule, saa ile ile, kabla na baada ya marekebisho. Kama tofauti na joto la nje haikupungua, bati hilo ni pambo tu.

Mwenye gari akumbuke pia kwamba matatu hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Kifaa kilichofungwa kwa waya na matumaini kinaweza kuliondoa gari barabarani, na pamoja nalo riziki ya dereva, utingo na jamaa zao.