Riwaya za kutisha na sauti moja ya serikali: kutoka Wizara ya Ukweli hadi Zaïre

Winston Smith ni mfanyakazi wa serikali kama wengine. Anafika ofisini asubuhi, anapokea vikaratasi vya maagizo, jioni anarudi nyumbani. Kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani. Ikiwa mkubwa wa chama alitabiri jambo na halikutokea, Winston anaandika upya hotuba ile katika gazeti la siku ile ile, na nakala ya kwanza inatupwa katika tundu linaloipeleka motoni. Anatumikia Wizara ya Ukweli.

Ndivyo anavyosimulia Mwingereza George Orwell katika « 1984 », riwaya iliyotoka mwezi wa sita 1949. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa « Shamba la Wanyama », iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967.

Katika « 1984 » kuna jambo dogo linaloogopesha kuliko mateso yote ya gereza. Posho ya chokoleti inapunguzwa kutoka gramu 30 hadi 20 kwa juma. Kesho yake inatangazwa kwamba watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kuipandisha hadi gramu 20. Winston anawaangalia wenzake mezani: wameamini. Gazeti la kuwakumbusha halipo, sababu lile la jana nalo limekwisha sahihishwa.

Orwell hakuota haya usingizini. Kati ya 1941 na 1943 alitayarisha vipindi vya BBC kwa ajili ya India, chini ya udhibiti wa wakati wa vita, na mke wake Eileen alikuwa amefanya kazi katika idara ya udhibiti huko London. Lakini mfano mkubwa ulitoka kwa Stalin. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri, alipigwa picha akiwa kando ya Stalin. Kisha akauawa, na katika picha pakabaki maji matupu. Mwaka 1954, Orwell akiwa amekwisha kufa, wanunuzi wa ensaiklopedia kubwa ya Kisovieti walitumiwa kurasa mpya kuhusu bahari ya Bering, wazibandike mahali pa habari za Beria, aliyeuawa. Hata mwandishi wa riwaya angeona aibu kubuni kitu kama hicho.

Na huku kwetu? Wenye umri bado wanakumbuka televisheni ya Zaïre: habari zilianza kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Mwaka 1975 ulifika wakati ambapo vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la kiongozi mwingine yeyote. Waziri alikuwa cheo tu, bila jina.

Ng'ambo ya mto, Brazzaville, Sony Labou Tansi, aliyezaliwa upande wa Kinshasa mwaka 1947, alitoa « La Vie et demie » mwaka 1979. Inchi yake ya kubuni, Katamalanasie, inatawaliwa na Kiongozi anayemuua mpinzani Martial, lakini Martial anakataa kufa. Binti yake anatuma vijana waandike maneno ya baba kwa rangi nyeusi kwenye milango ya mji mkuu. Ni picha ambayo Orwell hana: redio ni ya Kiongozi, milango ni ya watu.

Mmarekani Ray Bradbury alipita njia nyingine katika « Fahrenheit 451 » mwaka 1953. Kwake wazimamoto wanachoma vitabu, lakini mkubwa wao, Beatty, anaeleza kwamba haikuanzia kwa serikali. Watu wenyewe waliacha kusoma kwanza. Mildred, mke wa mzimamoto Montag, ana kuta tatu za televisheni nyumbani, na anachomuomba mume wake ni ukuta wa ine.