Kwa nini kiti cha mbele hakitoshi

Vyuoni tuna kawaida moja: mwanafunzi mwenye ualbino akisema haoni ubao, anaambiwa ahamie mbele, somo linaendelea. Mbele kafika, na bado haoni. Hapo maneno yanaanza: mvivu huyu, si avae miwani? Hebu tuliangalie jicho lenyewe.

Melanini, ile inayoipa ngozi rangi, ina kazi pia ndani ya jicho. Sehemu ya katikati ya retina, tunayoitumia kusomea herufi ndogo, huihitaji ili ikue vizuri tangu mtoto akiwa tumboni. Melanini ikipungua, sehemu hiyo haikomai. Mara nyingi macho pia huchezacheza, na mwanga mkali huyaumiza. Miwani husaidia kiasi tu. Ni sawa na simu yenye megapikseli chache: hata ufute lenzi mara ngapi, picha haiwi kali.

Tupige hesabu. Tuseme mwanafunzi amepimwa uoni wa 6/60. Maana yake, herufi anayoisoma akiwa mita 6, mwenye macho mazuri huisoma akiwa mita 60. Akikaa mita 2 kutoka ubaoni, ni kama wewe umekaa mita 20. Yaani kiti chake cha mbele ndicho kiti chako cha nyuma kabisa!

Kwetu Mwanza jambo hili lina uzito wake. Kanda ya Ziwa ndiko mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino yalikoitikisa nchi kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Wapo watoto waliohamishiwa shule kama Mitindo, kule Misungwi, ili wawe salama. Kijana aliyevuka hayo yote mpaka akafika chuo cha Malimbe, Bugando au Butimba, eti adisko kwa sababu ya ubao?

Yanayosaidia ni haya, na mengi hayana gharama:

- Mhadhiri atume slaidi kabla ya kipindi, azikuze kwenye simu yake.
- Asome kwa sauti anachoandika. "Hii ukijumlisha na hii" haimwambii kitu; "x mraba jumlisha 3" inamwambia.
- Aruhusiwe kupiga picha ubao, na kuvaa kofia hata ndani.
- Akae dirisha likiwa nyuma yake, mwanga usimpige machoni.
- Mtihani uchapwe kwa herufi kubwa, na aongezewe muda, maana anasoma maneno machache kwa wakati mmoja.

Hili la mwisho si geni. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi zenye maandishi yaliyokuzwa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inawapa haki ya kusoma kama wengine. Asitoke kidato cha sita na karatasi ya maandishi makubwa, halafu chuoni apewe ya herufi za chungu.

Na wewe unayekaa naye? Usingoje mhadhiri. Mtumie notsi zako leo.