Benki yako ikiungana na nyingine, uliza maswali haya matatu

Tuseme simu inalia asubuhi na unafungua meseji: benki yako imeungana na nyingine, jina litabadilika, akaunti yako iko salama. Unaifuta na kuendelea na shughuli zako. Lakini kama wewe ni keshia katika tawi la benki hiyo, au unalipa mkopo wa bodaboda pale, au shosho alikuachia hisa chache, meseji hiyo si ya kufuta hivi hivi.

Kampuni mbili zinazojitegemea huungana kwa nini? Anza na mfano wa mtaani. Wewe unashona nguo kule Umoja, kazi yako ni safi, ila wateja ni majirani tu. Rafiki yako ana wafuasi kibao TikTok lakini hana bidhaa yake mwenyewe. Kila mmoja amekwama. Mkishikana, cherehani yako inapata kazi na wafuasi wake wanapata nguo. Chapaa hiyo mpya, ambayo hakuna kati yenu angeipata peke yake, ndiyo thamani ya muungano. Kulipa kodi ya duka moja badala ya mawili ni nyongeza tu.

Basi swali la kwanza ni hili: kila upande una nini ambacho mwenzake hana?

Tazama NCBA. Oktoba 1, 2019, benki za NIC na CBA zilianza kazi kama benki moja. NIC ilikuwa imejijengea jina kwa kukopesha watu pesa za kununua magari na mitambo. CBA ilihudumia kampuni kubwa, na tangu Novemba 2012 ilikuwa pamoja na Safaricom katika M-Shwari, ambayo pengine ndiyo ilikupa mkopo wako wa kwanza maishani. Mmoja alijua magari, mwingine alikuwa na mamilioni ya wateja kwenye simu. Wakati nao ulizisukuma: tangu Septemba 2016 sheria ilikuwa imewekea riba ya mikopo kikomo, na benki karibu 40 ziligombania wateja walewale.

Swali la pili: bei ni gani? Si lazima pesa taslimu zitoke. Kwa NCBA, watu waligawana hisa: wenye CBA wakachukua asilimia 53 ya kampuni mpya, wenye NIC 47. Mwaka huohuo KCB iliichukua National Bank, iliyokuwa na upungufu wa mtaji. Ukiwa na hisa 10 za National, ulipewa 1 ya KCB. Ukisikia hivyo unaweza kudhani umeibiwa, lakini hisa 10 za kampuni inayoyumba zinaweza kuwa na thamani ndogo kuliko 1 ya kampuni iliyosimama imara.

Na kununua si ndoa ya milele. Machi 2024 KCB ilitangaza kwamba inaiuza National kwa Access Bank ya Nigeria, na mauzo yakakamilika 2025. Access ilikuwa tayari imeingia Kenya mwaka wa 2020 kwa kununua Transnational Bank. Kwake, National ilikuwa njia ya mkato: matawi na wateja bila kuwatafuta mmoja mmoja.

Hata majitu ya dunia huteleza hapa. Daimler-Benz ya Ujerumani iliungana na Chrysler ya Marekani mwaka wa 1998, ikisifiwa kama ndoa ya walio sawa. Kufikia 2007 walikuwa wameachana. Mnunuzi akilipa zaidi ya faida mpya inayopatikana, aliyeuza ndiye hucheka.

Swali la tatu ndilo linalouma: nani anabeba gharama? Matawi mawili yakitazamana barabara moja, moja litafungwa. Wahasibu wawili wakifanya kazi ileile, mmoja atabaki. Ndiyo maana muungano mkubwa lazima upitie Mamlaka ya Ushindani (CAK), ambayo huangalia iwapo mteja atabaki bila chaguo na wafanyakazi watafanywa nini. Kwa NCBA, iliweka sharti kwamba watu wasifutwe kazi kwa miezi 12.

Miezi 12 si mingi. Kwa hivyo kama kampuni yako inaungana na nyingine, jiulize kama kuna mtu upande wa pili anayefanya kazi yako hasa. Kama yuko, mwaka huo ni wako wa kujipanga: jifunze mfumo wa upande wa pili, shika jambo ambalo wao hawaliwezi. Kanuni inayounganisha kampuni ndiyo hiyohiyo itakayokuacha kazini: uwe na kitu ambacho mwenzako hana.