Damu hufichua siri ya mahindi yenye kuvu na saratani ya ini

WAKAZI wa Masinga na maeneo mengine kame ya Machakos huikumbuka sumu ya kuvu katika mahindi kwa sababu ya vifo vya mwaka wa 2004. Hata hivyo, sumu hiyo ina madhara mengine yasiyovuta kamera za televisheni: huliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na hatimaye mtu huugua saratani ya ini.

Sayansi imepata njia ya kuutambua mwendo huo mapema. Alama za sumu zinaweza kupimwa katika damu ya mtu ambaye bado analima, anachota maji na kula chakula chake bila kuhisi maumivu yoyote.

Sumu inayozungumziwa ni sumukuvu, au aflatoksini, inayotengenezwa hasa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hiyo hustawi penye joto, na huushambulia zaidi mmea uliodhoofishwa na ukame. Mahindi yakivunwa kisha yakahifadhiwa kabla ya kukauka vyema, huzidi kuenea. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiorodhesha aflatoksini miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Ukambani si mgeni wa balaa hili. Mwaka wa 1981, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, na 12 kati yao wakafariki. Mwaka wa 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Machakos na Thika pia ziliathirika.

Sampuli 350 za mahindi zilikusanywa katika masoko ya eneo hilo wakati wa mkasa wa 2004. Asilimia 55 zilikuwa na sumu kupita sehemu 20 kwa kila sehemu bilioni moja, kiwango cha juu kilichoruhusiwa nchini wakati huo. Sasa kiwango hicho ni 10. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba familia zilizoweka mahindi ndani ya nyumba zilikuwa hatarini zaidi kuliko zile zilizotumia maghala.

Je, damu huhusikaje? Kila tunachokula huvunjwavunjwa mwilini na kugeuzwa kuwa kemikali nyingine ndogo, ambazo wataalamu huziita metaboliti. Kwa kawaida ini hufanya kazi hiyo ili kuziondoa sumu. Lakini aflatoksini ikifika katika ini, sehemu yake hugeuzwa kuwa kemikali kali zaidi kuliko ile iliyoliwa.

Kemikali hiyo mpya hunata. Hujibandika kwenye DNA ya seli za ini na inaweza kuiharibu jeni iitwayo TP53, ambayo huzuia seli zisigawanyike ovyo. Jeni hiyo ikiharibika, njia ya saratani huwa imefunguliwa.

Aidha, kemikali hiyo hujibandika kwenye albumini, protini inayotengenezwa na ini na kusafiri katika damu. Hapo ndipo wanasayansi hupata ushahidi. Kwa kuwa albumini hudumu katika damu kwa wiki kadhaa, kipimo kimoja huonyesha mtu amekula sumu kiasi gani katika miezi miwili au mitatu iliyopita, si katika mlo wa jana pekee.

Kipimo hicho kilitumiwa kuchunguza damu iliyokusanywa kote nchini mwaka wa 2007, ambao haukuwa mwaka wa mkasa mkubwa kama wa 2004. Alama za aflatoksini zilipatikana katika asilimia 78 ya sampuli, na uliokuwa Mkoa wa Mashariki, ambao Masinga ilikuwa sehemu yake, ndio ulioongoza kwa kiwango. Maana yake ni kwamba watu huendelea kula sumu hata pale ambapo hakuna anayekufa ghafla.

Uhusiano wake na saratani ulishukiwa humu nchini zamani. Mwaka wa 1973, watafiti Peers na Linsell walichapisha matokeo ya uchunguzi wao Murang'a: wakazi wa maeneo ya chini walikula sumu nyingi kuliko wale wa nyanda za juu, na saratani ya ini pia ilikuwa nyingi zaidi kwao.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Shanghai, Uchina, ambako wanaume 18,244 walitoa damu na mkojo wakiwa wazima, kisha wakafuatiliwa. Waliokuwa na metaboliti za aflatoksini katika mkojo walikabiliwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara tatu ya wenzao. Waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari ilikuwa mara saba. Waliokuwa na vyote viwili, hatari ilikaribia mara 60.

Ieleweke kwamba alama hizo katika damu si saratani, na kuwa nazo si hukumu ya kifo. Huonyesha hatari, na hatari inaweza kupunguzwa. Mtu akiacha kula mahindi yenye sumu, alama hizo hupungua.

Hatua ya kwanza ni kukausha. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na mashine ya kupima anaweza kutia konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyokauka, kisha atikise. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Magunia nayo yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Punje zilizooza, kupasuka au kubadilika rangi ziondolewe. Kukoboa mahindi, kama inavyofanywa kuandaa muthokoi, hupunguza sumu lakini hakuimalizi. Kuchemsha hakutoshi kuiondoa. Punje mbovu asipewe ng'ombe pia, kwa kuwa metaboliti ya sumu hiyo hupitia katika maziwa na kumrudia mtoto mezani.

Shambani, kuna dawa ya Aflasafe KE01, iliyosajiliwa nchini mwaka wa 2015, ambayo hutumia kuvu isiyo na sumu kuifukuza ile yenye sumu. Na kwa upande wa homa ya ini B, chanjo yake imekuwa katika ratiba ya watoto nchini tangu 2001, nao hudungwa wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Watu wazima waliozaliwa kabla ya hapo wanafaa kupimwa virusi hivyo.

Ni vigumu kumwambia mama aliyebakiwa na debe moja wakati wa kiangazi alimwage. Ndiyo maana mashine za kukausha, ukaguzi wa masoko na chakula cha msaada kilicho salama ni wajibu wa serikali, wala si hisani. Mahindi yanayoonekana safi kwa macho yanaweza kuwa na sumu, na ini halina njia ya kulalamika hadi maji yamezidi unga.